Daktari wa India

Siku niliyompeleka Souleymane kwa wazazi wangu nilikuwa nimevaa gauni la kitenge cha bluu, nimejipaka manukato, na nimebeba uongo ambao mwenyewe nilikuwa nimeshausahau.

Nasema kweli, nilikuwa nimeusahau. Niliutamka mara moja tu, miezi miwili kabla, jikoni, mama akiwa anachambua mchele. Tangu siku ile hakuna aliyeutaja mbele yangu. Nikadhani umepita.

Ilikuwa Jumapili ya Novemba. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na vumbi jekundu la Ruashi, mtaa wa wazazi wangu, lilikuwa limelala. Taxi ilituacha kwenye barabara kubwa, tukaingia mtaani kwa miguu. Souleymane alinishika juu kidogo ya kiwiko kama anavyofanya siku zote, fimbo yake nyeupe ameikunja na kuitia katika mfuko wa koti.

"Uko unatetemeka," aliniambia.

"Mi? Hapana. Ni baridi."

"Baridi ya Novemba?" Akacheka. "Chadia, ninaenda kusalimia baba yako. Haiko simba."

"Haumujue baba yangu."

"Njo maana ninaenda."

Nilimtazama. Alikuwa amenyoa ndevu vizuri, ameinua uso kidogo kama mtu anayesikiliza wimbo unaotoka nyumba ya tatu. Huwa namtazama sana. Yeye hujua kila mara, na huwa hasemi mpaka nione haya mwenyewe.

Niwaambie kwanza tulivyokutana.

Kazi yangu haina jina mtaani kwetu. Kwenye mkataba imeandikwa kwa Kifaransa, accessibilité, na mama huwaeleza majirani kwamba binti yake anatengeneza michezo ya video kwa ajili ya watu wanaoshindwa kuicheza. Hayuko mbali na ukweli. Kampuni iko Montréal, mimi niko Makomeno, upande mwingine wa mji, katika nyumba ya kupanga, mbele ya kompyuta mbili. Mchezo unapotengenezwa, mimi ndiye ninayeuliza maswali mapema. Asiyesikia atajuaje kwamba adui anakuja nyuma yake? Mwenye mkono mmoja atashikaje manette ya kuchezea iliyojaa vitufe vya mikono miwili? Asiyeona ataupataje mlango? Kisha natafuta majibu, na nawaita watu wenyewe waje wajaribu.

Souleymane alikuja kujaribu, mwezi wa tatu wa mwaka jana. Ni fundi wa gita na vinanda, naye karakana yake iko mitaa miwili tu kutoka kwangu. Macho yake yalikufa alipokuwa na miaka kumi na saba. Mishipa iliugua, basi. Alikaa kwenye kiti changu, akavaa casque ya kusikilizia, akaishika manette kama fundi anayetafuta kasoro ya chombo.

Mchezo ulikuwa wa msichana anayekimbia juu ya mapaa ya mji uliofurika maji, akimtafuta dada yake. Kwa wasioona nilikuwa nimeweka kitufe kimoja. Ukikibonyeza, msichana anakwenda mwenyewe mpaka mlangoni. Nilikuwa najivunia kitufe kile kuliko shahada yangu. Souleymane alikibonyeza mara mbili, akavua casque.

"Hii kintu inanisukuma mugongo," alisema. "Kama vile muzee banamuvusha barabara. Mi nilikuya kucheza."

"Sasa unataka nini?"

"Nipe sauti. Bati ilie kama bati. Fasi kwenye kuko shimo, nisikie upepo. Nikianguka, nianguke juu ya kosa yangu."

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikampigia simu.

Tulianza kutafuta sauti pamoja. Tulirekodi mvua juu ya bati za Makomeno, hatua zake kwenye vigae na zangu kwenye changarawe. Jioni moja tulikwenda Karavia kurekodi maji ya ziwa yakigusa ukingo. Nilishika mashine, yeye akachutama karibu na maji, na kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno.

"Uko unaniangalia," alisema bila kugeuka.

"Umejua namna gani?"

"Uliacha kupumua."

Nikazima mashine, maana moyo wangu ulikuwa unapiga mpaka nilihofia utasikika Montréal.

Kitufe kile nilikitoa. Mbele ya wakubwa wangu wote, kwenye mkutano wa video, Souleymane akiwa amekaa pembeni yangu, nilisema: "Mtu akishindwa kucheza kwa sababu haoni, kasoro iko kwenye mchezo, haiko kwake." Waliukubali mpango wetu. Siku ile, baada ya kompyuta kuzimwa, Souleymane aliniambia anataka kunioa.

Na hapo ndipo ulipokuja uongo wangu.

Baba yangu, Mzee Mahamudu, ni seremala. Familia yetu ilitoka Kasongo, Maniema, na nyumba ya Ruashi aliijenga kwa mikono yake, chumba kimoja kila miaka miwili. Nilipomwambia habari ya Souleymane alisikiliza mpaka mwisho: jamaa wa Maniema kama sisi, Mwislamu, fundi, mtu wa heshima. Nilipofika kwenye macho aliweka kikombe chini.

"Kipofu?"

Neno moja tu, akatoka kwenda msikitini. Nikamfuata mama jikoni. Alikuwa na ungo wa mchele mapajani, na bila kuniangalia aliniuliza:

"Mutoto yangu, hata tumaini kidogo haiko?"

Nikaona mikono yake imesimama juu ya mchele. Mikono ya mama haisimamagi. Nikasema: "Iko, Mama. Kuko daktari moya wa India. Banasema mwaka unaokuya banaweza kumupasula, aone."

Mikono ikaanza tena kuchambua. Mama alimfikishia baba, na usiku ule baba alikula vizuri. Wiki chache baadaye akasema nimlete huyo kijana.

Basi, ndiyo Jumapili hiyo.

Baba alitupokea mlangoni. Souleymane alitoa salamu, akainamisha kichwa, akaliachia neno "shikamoo" lifike taratibu kama wazee wa kwetu wanavyopenda. Mama alikuwa amepika wali, sombe ya majani ya muhogo na kuku, na samaki wa ziwa Moero pembeni endapo mgeni hali kuku. Tulikaa. Souleymane aliuliza bakuli la maji liko upande gani, akanawa, akala vizuri, akamsifu mama kwa sombe isiyo na chumvi nyingi. Baba akaanza kufunguka. Waliongea juu ya mbao, mmoja kwa ajili ya makabati na mwingine kwa ajili ya gita, wakabishana kama mti wa mukula unafaa kwa shingo ya gita. Baba alicheka mara mbili. Mimi nilikuwa nahesabu vicheko vyake kama mtoto anayehesabu pipi.

Kisha baba akafuta mikono, akasema kwa sauti laini ambayo sikuwa nimeisikia tangu utoto wangu:

"Mutoto yangu Souleymane, mi nilifikiri sana. Hii safari ya India, ni mwezi gani? Juu naona muzuri tungojee urudie kwanza, njo tupange ndoa. Ile siku umuone bibi yako na macho yako."

Kijiko cha mama kiligonga sahani. Souleymane akarudisha tonge sahanini.

"Safari ya India," akarudia.

"Ya kupasuliwa," baba akamsaidia. "Ule daktari."

Uso wa Souleymane ukanigeukia. Watu hudhani asiyeona hawezi kukuangalia. Aliniangalia, na niliona jinsi maneno yalivyokuwa yakipangika moja moja ndani ya kichwa chake: nani alisema, kwa nani, kwa nini. Nilikuwa na nafasi ya kufungua kinywa. Ilikuwa ndefu, ndefu kabisa. Niliangalia wali.

"Papa, munisamehe," alisema hatimaye. "Hakuna safari. Macho yangu yalikufwa kabisa. Baganga batatu ba hospitali balihakikisha, na kuko miaka kumi na sita sasa. Labda mi njo nilimuelezea Chadia vibaya. Nilisema kintu moya, akasikia ingine."

"Ulimuelezea vibaya."

"Ndiyo, Papa."

"Ulitaka mutoto ya bantu akukubali, ukamuambia utapona."

"Naomba radhi, Papa."

Baba akasimama. Sauti laini ilikuwa imekwisha. "Mi naweza kukaa na muntu mwenye hana macho. Lakini muntu wa uongo, hapana. Hapa kwangu, hapana."

Mama hakumwangalia Souleymane. Aliniangalia mimi, na nikajua amejua.

Tulifika barabarani. Hakunishika kiwiko. Alitembea nyuma ya sauti ya viatu vyangu, hatua mbili nyuma, na hatua hizo mbili ziliniuma kuliko matusi.

"Sema kintu," nilimwomba.

"Nilingojea weye useme. Pale ku meza."

"Niliogopa."

"Nani alileta ule daktari?"

"Mi."

"Juu ya nini, Chadia?"

"Nilitaka tu bakupokee."

"Hapana mi." Alisema polepole, bila kupaza sauti. "Balimupokea ule mwingine. Ule mwenye atakuya kuona. Leo mama yako alimupikia kuku, baba yako alicheka naye. Mi nilikuwa nakula chakula ya muntu mwingine."

"Souley, tafadhali."

"Ulisema mbele ya bale bazungu, kama muntu haone, kasoro iko ku mchezo, haiko kwake. Nilikuwa pembeni yako. Nilijisikia muntu, Chadia. Nilisema, huyu njo bibi yangu. Kumbe yalikuwa maneno ya kazi."

"Hayakuwa maneno ya kazi!"

"Basi leo kasoro ilikuwa kwa nani?"

Akatoa fimbo, akaikunjua. Viungo vya fimbo vikanyooka kimoja baada ya kingine.

"Nitarudia mwenyewe."

"Njia ya hapa haujaijua."

"Nitauliza. Bantu ba Ruashi beko na midomo."

Nikasimama pale nikimwangalia akienda. Alimuuliza mama mmoja muuza makaa, yule mama akamwonyesha kwa kidole, kisha akagundua kosa lake, akacheka, akamwelekeza kwa maneno. Taxi ikasimama. Hakugeuka. Kwa nini ageuke?

Nilirudi kwa wazazi nikikimbia. Baba alikuwa amekaa uani na tasbihi mkononi, mama anakusanya vyombo.

"Baba, Souleymane hakudanganya. Mi njo nilidanganya."

Vidole vyake vikasimama juu ya tasbihi.

"Yule daktari wa India nilimutunga mi mwenyewe, jikoni. Souleymane hakujua kintu. Alisikia leo, kwako, mara ya kwanza."

"Na akasema ni yee."

"Ndiyo, Baba."

"Juu ya kukulinda."

"Ndiyo."

Baba aliweka tasbihi kando. Nilitegemea kelele. Ningependa kelele.

"Mi nilimuita mugeni muongo," alisema, "mbele ya chakula yangu. Akakubali. Akaomba radhi. Na weye ulikuwa unakula wali."

"Sikukula, Baba."

"Ulikuwa unaangalia wali, basi."

Mama alikuja akasimama nyuma yangu, akaniwekea mkono mgongoni, mkono wenye povu la sabuni. Hakunitetea. Alisema tu: "Na mi nilimusukuma, Baba Chadia. Mi njo nilimuuliza juu ya tumaini."

Baba akainuka. "Kesho asubui Chadia ananipeleka kwa ule kijana."

"Kufanya nini?" mama aliuliza.

"Kuomba radhi. Ile ya ndoa ni neno ingine. Musichanganye."

Nililala kwao, na asubuhi tulishuka Makomeno. Njia nzima baba hakuniongelesha, isipokuwa mara moja kuniuliza kama kijana yule hufungua kazi mapema. Nikamwambia hufungua saa moja. Akatikisa kichwa, sikujua kama ni kwa kuridhika.

Karakana ya Souleymane inanuka gundi na vernis ya kung'arishia mbao. Gita zinaning'inia ukutani kila moja kwa msumari wake, na yeye alikuwa amelaza moja juu ya meza akiitia nyuzi mpya. Baba alisimama mlangoni kwanza, akaangalia. Niliona macho yake yanafuata ile mikono: inapima, inakaza, inalegeza, inapata.

"Asalaam aleikum," baba alisema.

Souleymane aliitambua sauti papo hapo. Akasimama haraka mpaka kigoda kikaanguka. "Waleikum salaam, Papa Mahamudu."

"Jana nilikukosea kwangu. Mutoto yangu alinieleza yote. Nimekuya kukuomba radhi."

"Papa, hapana, haifai muzee kutoka Ruashi kuya mpaka..."

"Inafaa. Pokea."

Souleymane akaweka mkono kifuani. "Nimepokea, Papa."

"Muzuri. Lakini usifikiri nimekuya kukupa mutoto. Nimekuya juu ya lile neno tu."

"Nimesikia. Lile neno limeisha." Souleymane aliokota kigoda kwa kupapasa kidogo, akakipangusa, akakisogeza mbele. "Sasa kama Papa iko na nafasi, mi niko na ombi moya. Yote yenye ulikuwa unamuuliza Chadia juu yangu, uniulize mi mwenyewe. Yee anaweza kubaki. Lakini asijibu."

Baba alinitazama. Nikakaa juu ya sanduku karibu na mlango, nikashika midomo.

Baba alikaa. Alikohoa. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumpa ruhusa ya kuuliza namna hiyo, na alipoipata akaona haya kidogo. Lakini aliuliza.

"Mutoto akilia usiku, utamupata namna gani?"

"Papa, Chadia na bandugu yake balipolia usiku, ulikuwa unabatafuta na macho ao na masikio?"

Baba akafikiri. "Nilikuwa namuamusha mama yao."

Nikabana kicheko.

"Na akigonjwa?" baba akaendelea. "Chadia haiko, uko weye tu na mutoto, homa iko juu."

"Namubeba, nasimamisha taxi, tunaenda hospitali. Mama yangu alipogonjwa mwaka yenye ilipita, bandugu bote balikuwa Kolwezi. Nani alimupeleka? Mi tu. Usiku, mvua inanyesha. Nilianguka mara moya ku mufereji, lakini yee sikumuangusha."

"Na jiko? Moto?"

"Napika kila siku, Papa. Chadia njo hajue. Bukari yake inabakiaka na vibonge."

Nilifungua kinywa kuutetea ugali wangu. Souleymane akainua kidole bila kugeuka. "Asijibu."

Baba alicheka. Kilimtoka tu, kicheko cha tumboni, akakifunika na kikohozi, lakini kilikuwa kimeshatoka. Kisha uso wake ukatulia, akaegemea mbele.

"Na ile siku ya ndoa, hautamuona."

Hili halikuwa swali la jikoni. Nje gari la mchanga lilipita, na Souleymane akangoja mlio wake uishe.

"Hapana," alisema. "Sitamuona. Ile siku, na siku zote. Inaniuma, Papa, sitakudanganya. Kuko siku inaniuma sana." Akatafuta maneno. "Lakini ninamujua. Akiingia, namna anaweka mufuko chini inaniambia kama amechoka ao iko na furaha. Najua kicheko yake ya kweli na ile ya kuchekea bakubwa ba kazi ku téléphone. Najua akinyamaza juu ya hasira na akinyamaza juu ya kulia. Sasa hivi, pale ku mulango, iko analia."

Baba aligeuka akaniona. Kweli nilikuwa nalia, kimya kabisa, na pindo la kitambaa mdomoni.

Alisimama, akamshika Souleymane mkono kwa mikono yake miwili, akaushikilia kwa muda. "Nitafikiri," alisema, akatoka. Mlangoni akanigusa bega. "Weye baki. Uko na yako ya kusema."

Tulibaki wawili.

"Sasa naweza kusema?" niliuliza.

"Sasa njo unaanza."

Nilikuwa nimepanga hotuba usiku kucha. Yote ilikuwa imeondoka. "Nisamehe," nilisema. "Ya daktari, na ya kunyamaza. Ya kunyamaza zaidi."

Alikaa kwenye ukingo wa meza. "Nikuulize kintu moya. Unijibu muzuri, usinipambie. Ulinionea haya?"

Ingekuwa rahisi kusema hapana. Hapana ilikuwa tayari kwenye ulimi.

"Ndiyo," nilisema. "Mara mbili. Siku ile jikoni, na jana ku meza. Si haya ya kukupenda, Souley. Haya ya vile bantu bataniangalia. Miaka yote nafundisha bengine basikuangalie vile, na mi mwenyewe niliogopa macho ya mama yangu tu."

Aliegemea nyuma, na nyuzi za gita zikatoa sauti ndogo juu ya meza.

"Asante," alisema. "Ungeniambia hapana, ningekutoa hapa."

"Najua."

"Sikia, Chadia. Mi siko mugonjwa mwenye anangojea daktari. Mi nilisha kupona. Zamani. Ilikamata miaka ine, nililia, nilivunja bintu, nilikataa kutoka ku nyumba. Nyuma nikajifunza hii kazi, nikajifunza njia za huu muji moya moya. Hii yenye unaona, njo kupona kwangu. Hakuna ingine yenye itakuya. Kama unangojea ingine, sema leo."

"Singojee ingine."

"Hakika?"

"Nakutaka weye. Huyu mwenye kunifokea juu ya bukari."

Mdomo wake ulitetemeka upande mmoja. Akanyoosha mkono, si kwenye uso wangu, bali kwenye meza, akachukua kitambaa, akanipa. "Futa machozi."

"Inanuka vernis."

"Vumilia. Na mi sijamaliza kukasirika."

"Utamaliza lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa saa ngapi?"

"Nyuma ya sala."

Siku zile nne nilifanya kazi vibaya. Niliandika barua kwa wenzangu wa Montréal nikaisahau bila kuituma. Nilipika bukari mara tatu peke yangu, yote ikawa na vibonge. Ijumaa, saa nane kasoro kidogo, simu ikalia.

"Nimemaliza," alisema. Na baada ya kimya kidogo: "Uko unacheka ile ya kweli."

Baba alifikiri wiki tatu. Hakuniambia alikuwa anafikiri nini. Nilisikia kwa mama kwamba alipita karakana ile mara mbili zaidi, akidai anatafuta bei ya gundi. Kisha jioni moja akaniambia kwa simu, kama mtu anayeagiza misumari, kwamba wajomba wa Souleymane wanaweza kuja Jumapili.

Walikuja wanne, wamevaa kanzu nyeupe, na Souleymane katikati yao. Kwetu nako nyumba ilijaa. Baba Mkubwa Yuma, kaka wa baba, alikuwa amefika kutoka Kasongo siku hiyo hiyo. Mtu mnene, mwema, mwenye sauti inayosikika mpaka kwa majirani. Alisalimia wote, akakaa, akamwangalia Souleymane vizuri, akamgeukia baba.

"Mahamudu, nilisikia kwa bantu ba njia kama huyu kijana haone. Banasema kuko daktari wa India. Beko banamupasula lini?"

Uongo wangu ulikuwa umesafiri mpaka Kasongo na kurudi. Wajomba wakatazamana. Baba alivuta pumzi, lakini niliona ananisubiri mimi.

Binti anayeposwa hakai mbele ya wazee akajibu. Mimi nilikuwa kwenye mlango wa jikoni na sinia la glasi mikononi. Nikaingia mpaka katikati ya chumba.

"Hakuna daktari, Baba Mkubwa," nilisema. "Ile mi njo nilisema, na ilikuwa uongo. Souleymane haone, na hataona. Njo yee ninamutaka."

Glasi zilikuwa zinagongana kwenye sinia. Souleymane aliinua uso, akaufuata mlio huo mpaka pale niliposimama, akaniangalia.

Baba Mkubwa akamgeukia baba tena.

"Umesikia, Yaya," baba alimwambia kaka yake. Kisha akasogea kwenye kochi, akaacha nafasi, akapiga mto kwa kiganja usikike vizuri. "Souleymane, kuya ukae hapa pembeni yangu."

Souleymane akasimama, akatembea hatua nne kuelekea kwenye sauti ile, akakaa.

Kutoka jikoni mama alipiga kigelegele.

"Mama Chadia!" baba akapaza sauti. "Ngoja kwanza! Mahari haijatajwa!"

Mama hakungoja.